Kobe Aliyekula Mapambo

Palikuwa na mpambaji wa kumbi mwenye ugonjwa mmoja: akiona pembe tupu, mikono inamwasha. Harusi, mahafali, ufunguzi wa duka, popote palipotakiwa kupendeza aliitwa yeye. Alikuwa na mapazia ya kila rangi, taa ndogo za kumeremeta na maua ya vyungu ya kukodisha. Maua ya kweli, si ya plastiki. Vitu hivyo vilijaa chumba kizima nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, tena chumba kizuri kuliko vyote, chenye dirisha pana. Mumewe, fundi wa vioo na madirisha, alikuwa akitania kwamba katika nyumba ile maua ndiyo yaliyopanga, wao wawili ni wageni tu.

Kisha mama mkwe akahamia kwao. Nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa imeuzwa, pamoja na ua wake. Mama alikuja na sanduku moja, godoro alilolizoea, na kobe.

Kobe huyo mama alikuwa naye tangu mwanawe yuko darasa la kwanza. Alimwita Mheshimiwa. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba huyu hufika amechelewa, hapendi kuulizwa, na haanzi kula mpaka watu wote wasimame wamtazame.

Mama akapewa chumba kidogo cha nyuma, chenye giza kidogo. Hakulalamika. Lakini Mheshimiwa hakuyaweza maisha ya ghorofani. Vigae vilimtelezesha. Aligonga milango. Alijibanza nyuma ya friji, ikawa kazi kumtoa. Kule uani alikuwa akijichumia majani anayoyataka mwenyewe. Huku aliwekewa kabichi na nyanya kwenye sahani, akainusa, akaigeuzia mgongo. Mama naye akaanza kusukuma chakula chake pembeni.

Siku moja mama alimwambia mwanawe amtafutie chumba cha kupanga. Popote, alisema, mradi pawe na kiua cha udongo.

"Mama, kwa macho hayo yasiyoona vizuri utapikaje peke yako?" fundi vioo akauliza.

"Mheshimiwa hana wa kumsemea," mama akajibu. "Akikosa pa kukaa yeye, na mimi nimekosa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, maana hasira hupoa. Mpambaji alisikia yote akiwa jikoni. Alimpenda mama yule, tena si kwa sababu ndoa inamtaka ampende. Kila jioni walikaa pamoja wakifunga utepe kwenye maua, mama akipapasa kwa vidole badala ya kutazama, na kinywa chake hakikukosa kichekesho. Nyumba bila mama yule ingekuwa ukumbi uliokwisha sherehe.

Fundi vioo akatafuta chumba na kweli akakipata, kidogo, chenye kiua. Lakini kabla mama hajaenda kukiona, binti yake akajifungua. Mama akafunga safari kwenda kulea mzazi. Alipotoka mlangoni alisema mwenye chumba amsubiri, akirudi atakwenda kukiona. Mheshimiwa akaachwa mikononi mwa mkwewe.

Mlango haujafungwa vizuri, mpambaji keshapata wazo. Alimshika mumewe mkono, akamwambia kama kobe anataka ua, basi ua utakuja ghorofani. Chumba cha mapambo kitatolewa kila kitu. Watamjengea Mheshimiwa banda ndani, pembeni mwa dirisha, lenye udongo na mimea. Mama akirudi alikute tayari.

Mume akauliza mapazia yatakaa wapi.

"Chini ya kitanda, juu ya kabati, kichwani kwangu, popote," mkewe akasema.

Basi hapo, ndugu msomaji, kila mtu akavaa ufundi wake. Fundi vioo alileta vioo safi visivyo na hata doa, akajenga kuta fupi pande nne, ukisimama unaona kila kitu. Mpambaji alinunua mifuko ya udongo mweusi wa dukani, ule wenye punje nyeupe nyepesi. Akamwaga kokoto za rangi, nyekundu na buluu. Akachagua mimea yake mizuri kuliko yote: ule wa majani mapana yenye madoa meupe, na ule unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo. Halafu akachukua kitambaa na ile dawa ya kung'arisha majani anayoitumia ukumbini, akapangusa jani moja moja mpaka likawaka. Mwisho akazungusha taa ndogo. Wawili hao walisimama wakapigiana makofi kama watoto. Kwa kweli banda lilipendeza, lilihitaji tu bwana harusi.

Wakamweka Mheshimiwa ndani. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kioo, akakigonga kwa kichwa. Akarudi nyuma, akagonga tena. Fundi vioo akasema atazoea. Kisha kobe akageuka, akayaona majani yenye madoa, akanyoosha shingo na kung'ata pande la haja.

"Anakula!" mpambaji akapiga kelele. "Mume wangu, anakula!"

Alikuwa bado anaruka ruka pale kobe alipoanza kujifuta mdomo kwa mguu wa mbele. Akajifuta tena. Mate yakaanza kumchuruzika. Mdomo ukavimba pembeni, na kichwa kikaingia ndani ya gamba, kikabaki humo. Furaha ya mpambaji ikamkauka.

Mumewe alikimbilia jikoni akarudi na maziwa, maana sote tumelelewa tukiambiwa kwamba maziwa yanaua sumu. Mpambaji akamzuia, akasema hatampa kitu kabla ya kuuliza. Akampigia simu daktari wa mifugo mwenye zahanati yake mtaa wa pili. Daktari hakupoteza maneno.

"Maziwa hapana, mafuta hapana. Msuuze mdomo kidogo kwa maji safi akikubali kuufungua, usimlazimishe. Kisha mlete. Na huo mmea aliouma ulete pia, na jani lenyewe."

Mpambaji aliteremka ngazi amempakata kobe kwenye beseni. Mumewe alikuwa nyuma yake na chungu cha maua kichwani. Majirani walidhani wanakwenda kupamba.

Daktari alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku hiyo alikuwa amezungukwa na mbuzi wawili na mbwa aliyefungwa mguu. Aliutazama mmea kwanza, halafu kobe, halafu mpambaji. Akasema bahati ipo, maana kwa kuuona mmea ameshajua la kufanya bila kubahatisha. Mmea huo una vitu vidogo kama sindano ndani ya majani, havionekani kwa macho. Ukiuma, vinachoma ulimi na koo. Alimsafisha Mheshimiwa mdomo taratibu, akamchoma sindano ya maumivu na uvimbe, akamkalisha kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni. Akasema atalala pale zahanati wamwangalie.

Halafu akataka kusikia banda lilivyo. Mpambaji akamweleza yote, hata dawa ya kung'arisha. Daktari akashika kiuno.

"Dada, umepamba vizuri sana. Ila ulisahau jambo moja. Ukumbini wageni wanakula pilau na mapambo wanayaacha. Mgeni wako huyu anakula mapambo yenyewe."

Mpambaji alicheka na machozi yakamtoka kwa wakati mmoja.

Jioni hiyo alimpigia mama simu. Mumewe alimshauri angoje, kobe akipona hakuna haja ya kumtia mzee wa watu presha. Mpambaji akasema kobe ni wa mama, na habari zake ni za mama. Alimweleza bila kuzungusha: nilimwekea mmea nisioujua, ameuma, amevimba mdomo, yuko kwa daktari.

"Yuko hai?" mama akauliza.

"Yuko hai, mama."

"Basi mfuate daktari anavyosema." Akakata simu.

Lilikuwa jibu fupi mno. Siku iliyofuata mama alimpigia mwanawe, si mkwewe, akamkumbusha asikiachie kile chumba chenye kiua. Mpambaji alipoambiwa aliumia, lakini hakukaa chini. Alijisemea kwamba aliyeharibu ndiye atakayetengeneza, akavaa viatu akarudi kwa daktari kujifunza.

Mheshimiwa alikuwa ameshatoa kichwa. Daktari akamchukua mpambaji nyuma ya zahanati, kwenye ua ambao haupuliziwi dawa yoyote. Kulikuwa na uzio wa haibiskasi wenye maua mekundu. Daktari alichuma ua moja akamwekea kobe mbele ya pua. Kobe alilitazama. Akalivuta, akalitafuna, petali moja ikabaki imemning'inia mdomoni. Mpambaji aliona dunia imemrudia.

Hapo ndipo somo lilipoanza, na mwanafunzi hakusinzia. Daktari alimwambia kanuni ya kwanza: mmea usioujua jina usiuingize bandani, hata ukiwa mzuri namna gani. Jina lenyewe lihakikishwe, kwa sababu mimea tofauti huitwa jina moja mahali na mahali. Chukua tawi umwonyeshe anayejua. Akamwonya juu ya mnyaa na jamaa zake wenye utomvu mweupe unaochoma, juu ya mbarika ambao mbegu zake zinaua, na juu ya yale maua mengi ya sebuleni yanayowekwa kwa ajili ya kutazamwa tu. Lile la majani ya moyo nalo ni adui, alisema.

"Sasa mbona yote mazuri ni mabaya?" mpambaji akauliza.

"Nani kasema?" Daktari akamvuta mkono. "Njoo uone yaliyo mazuri na yanaliwa."

Akamwonyesha haibiskasi, majani na maua. Akamwonyesha mpungate, ule wa majani manene kama viganja, unaotolewa miiba yote kabla ya kuliwa. Mforosadi, ambao majani yake kobe huyapenda. Mchunga na kishona nguo, magugu ambayo watu huyang'oa na kuyatupa. Kongwe lenye ua dogo la buluu. Nyasi za kawaida, ambazo kobe wa aina yake anapaswa kuzila kwa wingi kuliko kitu chochote, maana tumbo lake linataka chakula chenye nyuzinyuzi. Na kwa ajili ya pembe ya banda, ule mmea wa majani marefu membamba yenye mstari mweupe, unaoning'iniza vitoto vyake. Huo ni pambo, na akiuuma haumdhuru. Kabichi na mchicha alisema visiwe chakula cha kila siku, na nyanya na matunda viwe vya kuonja tu, tena mara moja moja.

Mpambaji alikuwa akiruka kutoka kichaka hadi kichaka. Alikuwa ameshaanza kupanga kichwani: mpungate nyuma kama nguzo, haibiskasi kati, kongwe litambae mbele. Akasema kesho asubuhi ataenda kununua vyote bustanini.

Daktari akamshika bega akamwambia apunguze mwendo. Miche ya kuuzwa mara nyingi imepuliziwa dawa za wadudu, na nyingine huingia mpaka ndani ya majani, haiondoki kwa kuosha tu. Ukinunua, osha majani, mwaga udongo uliokuja nao, panda upya kwenye udongo usio na dawa wala mbolea ya chenga. Kisha uweke mbali na kobe kwa wiki kadhaa, mpaka uchipue majani mapya mengi. Ya zamani yakate uyatupe. Njia rahisi zaidi, alisema, ni vipandikizi kutoka mahali unapopajua. Akampa matawi ya uzio wake, mkono umejaa.

Kuhusu udongo wenye punje nyeupe, alisema utolewe wote, na kokoto za rangi pia. Kobe humeza vitu vidogo, vikaziba tumbo. Udongo wa kawaida uliochanganywa na mchanga unatosha. Dawa ya kung'arisha ibaki ukumbini. Fundi vioo, aliyekuwa amefika kumchukua mkewe, akaambiwa na yeye lake: kobe haelewi kioo, anaona njia iko wazi, ndiyo maana anagonga kichwa. Kuta ziwe za kuzuia macho.

"Na jua la nyuma ya kioo halimtoshi," Daktari akaongeza. "Ile nguvu inayokaza mifupa na gamba inazuiwa na kioo. Mtoeni nje kila siku penye jua na kivuli, au mtafute taa maalumu ya wanyama kama hawa."

Fundi vioo aliona kama ametukaniwa kazi. Lakini siku ile ile alifunika kuta zote kwa mbao upande wa ndani, na akapata mahali kwenye paa la jengo, palipoanikwa nguo, pa kumwotesha Mheshimiwa jua. Akawa anakaa naye kila asubuhi na kikombe cha chai, na mazungumzo yakawa mazuri, alidai, kwa sababu mmoja wao hakatishi maneno ya mwenzake.

Vipandikizi viliwekwa kwenye vyungu, mbali na banda. Mpambaji aliamka kila siku anakimbilia dirishani kabla ya kunawa uso. Haibiskasi ya kwanza ilipotoa jani, alimwamsha mumewe. Ya pili ilipotoa jani, alimwamsha tena, na mume akaomba vichipukizi vingine vitangazwe baada ya jua kuchomoza. Wakati huo Mheshimiwa alikula nyasi na magugu kutoka ua wa Daktari, si kutoka kando ya barabara kwenye moshi na dawa. Uvimbe ulikwisha. Aliongezeka uzito.

Tatizo likaja pale mimea ilipoingia bandani. Kobe aliifurahia mno. Kongwe alilimaliza kwa mkao mmoja, na haibiskasi moja akaing'oa na mizizi. Mpambaji alitazama ule uharibifu, akacheka, kwa sababu hapa sasa palikuwa uwanja wake. Ukumbini kwake ua halikai kazini mfululizo. Linatoka kwenye sherehe, linapumzishwa, lingine linashika zamu. Akafanya hivyo hivyo. Akafukia kila mmea pamoja na chungu chake mpaka ukingoni, na kulizungushia shina mawe makubwa yasiyomezeka. Mmea ukitafunwa nusu, anautoa, anaurudisha dirishani upone, anaingiza ulionona. Daktari alipokuja kutazama, alikagua chungu kimoja kimoja. Alisema mpango huo wa zamu atawafundisha wateja wake wengine.

Mama alikaa kwa binti yake mpaka mtoto akaweza kukaza shingo. Siku ya kurudi, mwanawe alimpokea kituoni, na njiani mama akauliza swali moja tu: mwenye chumba yuko? Fundi vioo akajibu yuko, anasubiri kupigiwa simu. Mpambaji, aliyekuwa akiwangoja mlangoni, aliona mama hajauweka mkoba chini. Salamu zilikuwa fupi.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

Wakamwongoza chumbani penye dirisha. Mama alishika ukingo wa banda, akainama polepole. Kwa macho yake aliona kijani tu, basi. Akanyoosha mkono akaanza kupapasa. Akashika jani, akalisugua, akalinusa, akasema haibiskasi. Akagusa mpungate kwa uangalifu, akakuta umeshatolewa miiba. Akafika kwenye kishona nguo, mkono ukasimama. Akauliza nani aliyepanda gugu nyumbani.

"Mimi, mama," mpambaji akasema. "Ndilo analolipenda. Safari hii sijaweka hata mmea mmoja nisioujua."

Nyuma ya mpungate kitu kilisogea. Mheshimiwa alitoka kwa mwendo wake ule ule wa kuchelewa, akapita mbele ya vidole vya mama, akafika kwenye haibiskasi na kuuma. Mama hakumwona vizuri, lakini alimsikia. Chumba kizima kilisikia yale majani yakikatika, na kobe akitafuna bila haraka. Mama aliinamisha sikio, akasikiliza, na midomo yake ikaanza kucheza.

Fundi vioo akauliza kwa sauti ya chini kama ampigie mwenye chumba.

"Mpigie," mama akasema. "Mwambie ampe mwenye shida ya chumba."

Akauweka mkoba chini. Kisha akamgeukia mkwewe, akakunja uso kama mtu aliyekuja na malalamiko.

"Na wewe mwanangu, kitanda changu mbona umekiacha kule kwenye giza? Nani alikwambia mimi na Mheshimiwa tunalala vyumba tofauti?"

Fundi vioo alikwenda kukifungua kitanda. Mkewe alimfuata na bisibisi.